Bunduki ya Kuka na Karatasi Zake

Naongea nanyi mlioko Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko. Naongea nawe mama unayepukuchua mahindi huku redio ikisema dirishani, na nawe kijana wa bodaboda uliyeegesha pale Matunda ukingoja abiria wa matatu za Kitale.

Leo nimekuja na jambo ambalo katika boma nyingi husemwa kwa sauti ya chini. Nataka tuongee juu ya bunduki za zamani. Najua wengi wenu mkisikia bunduki inatajwa, mnakumbuka mabaya. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi waliolala kwenye mahema baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007. Wapo waliokimbia Mlima Elgon siku za wapiganaji wa SLDF. Hao siwasahau katika yote nitakayoyasema. Lakini bunduki ninazozitaja leo ni zile ambazo umri wake umeshapita umri wa karibu kila mtu aliye hai: gobore la msafara wa Pwani, bunduki ya askari wa KAR (jeshi la kikoloni la King's African Rifles), bunduki ya mlowezi aliyewinda tembo hapa kabla mahindi hayajapandwa. Zilifikaje huku? Zilienda wapi? Na kwa nini wenzetu wa mbali wanazo zao ndani ya kioo, pamoja na historia yake yote, na sisi ambao zilitumika juu yetu tumebaki na masimulizi?

Neno langu la leo ni moja, na mtalisikia tena kabla hatujaagana. Bunduki ya kale bila habari zake ni hatari tupu. Ikiwa na habari zake, zimeandikwa, na iko mikononi mwa anayeruhusiwa na sheria, hapo ndipo inakuwa ushahidi.

Tuanzie nyuma kidogo. Kabla hapajakuwa na Kaunti ya Kakamega, kabla ya reli, kulikuwa na njia ya misafara iliyopita Mumias. Wafanyabiashara wa Pwani walifika kwa Wanga wakitafuta pembe za ndovu. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipofika huko mwaka 1883 alikuta wageni wa Pwani wameshaijua njia hiyo kabla yake. Walikuja na nguo, shanga na waya. Na walikuja na bunduki.

Bunduki gani? Nyingi zilikuwa magobore. Vijana, hebu niwaeleze gobore linavyotumika, kwa sababu kwenye sinema mtu anapiga risasi bila kupumzika na mnadhani ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Gobore linashindiliwa. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu. Unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, ule ufito mrefu wa chuma. Unatia marisau au vipande vya chuma, unashindilia tena. Kule nyuma unaweka fataki juu ya kichuchu kidogo chenye tundu. Ukifyatua, nyundo inaipiga fataki, cheche inaingia ndani, na moshi mweupe unakufunika uso mzima. Kisha unaanza upya, mdeki mkononi, huku mwenye mkuki anakujia mbio. Gobore la zamani zaidi halikuwa hata na fataki. Lilipigwa kwa jiwe la gumegume, na mvua ikinyesha halilii.

Kwa nini zilijaa Afrika Mashariki? Sababu yake ni rahisi na inauma. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yanabadilisha silaha. Walipopata bunduki za kupakiwa kwa nyuma, zile za zamani wakawa hawana kazi nazo. Wakazileta kwetu kwa meli, wakaziuza. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia sehemu zetu hizi kila mwaka. Kila mwaka, wasikilizaji. Sitawajaza tarakimu leo, lakini hiyo moja ishikeni.

Halafu, baada ya kuziuza, wakaogopa. Mwezi wa Julai 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba kule Brussels. Kisingizio kikuu kilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli bunduki zililisha biashara ile. Lakini someni ule mkataba unavyogawa silaha. Bunduki ya kisasa yenye mtutu wa michirizi ndani, inayopiga mbali na kwa shabaha, hiyo ilizuiwa isiingie katika eneo kubwa la Afrika, isipokuwa kwa watu maalumu na kwa idhini. Gobore la gumegume na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa. Mwafrika aachiwe linalotoa moshi, askari wa mzungu abaki na inayopiga mbali. Kwa hiyo mtu akikuambia sheria za bunduki ni jambo jipya katika nchi hii, mwambie kwamba sheria ilikuwa imeshaamua nani ashike bunduki ipi hata kabla Kenya haijapewa jina hilo.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Wengi wenu mna jamaa Bungoma na Webuye, na mmewasikia wazee wakitaja vita vya Lumboka na Chetambe. Je, mmewahi kujiuliza vita vile vilianzia wapi? Vilianzia kwenye bunduki. Wabukusu walizipata kwa kubadilishana na wafanyabiashara wa Pwani, na kwa askari waliotoroka kituo cha Mumias na silaha zao. Waingereza wakadai zirudishwe. Kikosi kilichotumwa kuzidai kiliangamizwa. Ndipo mwaka 1895 afisa wao C. W. Hobley akakusanya jeshi, Wasudani na watu wa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga, na wengineo, wakaja na mzinga mdogo wa Hotchkiss. Ngome ya Lumboka ikaanguka. Watu wakajifungia Chetambe, penye handaki na ukuta wa udongo uliokuwa umewalinda dhidi ya adui wengi wenye mikuki. Nayo ikaanguka. Miaka zaidi ya hamsini baadaye, mwaka 1947, Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwapeleka wafuasi wake Chetambe kuwakumbuka waliouawa. Watu hawakuwa wamesahau.

Fikirini jambo hilo kwa utulivu. Utawala wa kikoloni katika magharibi yetu uliingia kwa mabavu kwa sababu ya bunduki kadhaa ambazo mtawala alitaka zirudi ghalani. Bunduki zile ni sehemu ya historia yetu kama zilivyo mbuga na mito yetu.

Na hapa kuna jambo ambalo lingefaa kila mwalimu wa historia kati ya Soy na Moi's Bridge alijue. Nchi yetu ina Sheria ya Makavazi na Turathi za Taifa ya mwaka 2006. Sheria hiyo inasema kitu cha kale ni kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mmesikia mwaka huo? 1895. Mwaka ule ule wa Lumboka na Chetambe, na mwaka ule ule Waingereza walipoitangaza nchi hii kuwa himaya yao. Maana yake ni kwamba gobore lililoingia Mumias na msafara, na bunduki iliyoshikwa na mlinzi wa Chetambe, vyote viwili, kama viliingia nchini kabla ya mwaka huo, ni vitu vya kale mbele ya sheria ya Kenya. Havitolewi nchini bila kibali. Si vyuma chakavu vya kupimwa kwenye mizani ya mnunuzi wa skrepa.

Nataka hapo tutulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapochanganyikiwa. Bunduki ya kale inaangaliwa na sheria mbili kwa wakati mmoja. Sheria ya turathi inauliza: ina umri gani, ilitoka wapi, inatueleza nini? Sheria ya silaha, Sura ya 114, ambayo imetumika tangu 1954, inauliza: nani anayo, ana cheti, inaweza kumdhuru nani? Jibu la swali moja halifuti lile jingine. Umri wa bunduki haumpi mtu ruhusa ya kuiweka chini ya kitanda. Na hatari yake haifuti historia yake.

Haya, tuendelee. Nimesema wenzetu wanazo zao ndani ya kioo. Mfano wenyewe umetoka papa hapa kwetu.

Mnajua Moi's Bridge iliitwaje zamani? Hoey's Bridge. Ilipewa jina la Arthur Cecil Hoey, mwindaji Mwingereza aliyefuata tembo hadi huku, akajenga daraja juu ya mto Nzoia, kisha akawa mlowezi. Siku hizo nyanda hizi zilikuwa na twiga, simba na makundi ya tembo. Mwaka 1909, mwezi wa Novemba, alifika mgeni mkubwa: Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mapema mwaka huo huo. Aliwinda kwenye nyanda za Uasin Gishu hadi kando ya mto huu wetu, ambao katika kitabu chake cha safari ameuandika Nzoi. Huko alikutana na Carl Akeley, aliyekuwa akitafuta tembo wa kuwekwa katika jumba la makumbusho la New York, na akamsaidia kuwapata.

Roosevelt alikuja na bunduki kadhaa. Moja ilikuwa ya mitutu miwili, kazi ya mkono ya Holland & Holland wa London, zawadi kutoka kwa marafiki zake Waingereza. Ndani ya sanduku lake mliwekwa orodha ya majina ya wote waliochanga, na majina hayo yakachapishwa katika kitabu. Leo bunduki hiyo iko Louisville, Kentucky, katika Frazier History Museum. Ukienda huko utaambiwa aliyeitengeneza, walioitoa, aliyeitumia, mwaka gani na wapi. Bunduki iliyobebwa kando ya Nzoia inajulikana kila hatua ya maisha yake. Kando ya Nzoia yenyewe, iliyomlisha mwindaji yule na wapagazi wake, mimi sijaona hata kibao kinachosema alipita.

Sisemi hivyo kwa wivu. Nasema kwa sababu nataka mwone kilichoifanya bunduki ile iwe kitu. Ziko bunduki nyingi nzuri za London duniani. Hii imekuwa na thamani kubwa kwa ajili ya karatasi. Orodha ya majina. Kitabu. Daftari la kiwanda. Watengenezaji wakubwa waliandika kila bunduki kwa namba yake: ilikamilika lini na iliuzwa kwa nani. Kule Cody, Wyoming, kuna ofisi inayotunza kumbukumbu za kiwanda cha Winchester, na mtu mwenye bunduki ya zamani anatuma namba, anapewa barua ya kueleza ilivyotoka kiwandani. Mkusanyaji wa kweli anatafuta barua ile kwa hamu kama anavyotafuta bunduki.

Sisi watu wa skimu za makazi tunalielewa jambo hili vizuri. Wazazi wetu walipewa mashamba haya miaka ya 1960, walowezi walipoondoka. Shamba bila hatimiliki ni ugomvi unaosubiri wajukuu. Bunduki ya kale bila habari zake iko hivyo hivyo.

Na habari nyingine zimo kwenye chuma chenyewe, kwa anayejua kusoma. Chukua mfano wa bunduki ya Lee-Enfield, ile fupi ya .303 ambayo majeshi ya Waingereza yaliingia nayo vita vya 1914, na ndugu yake wa baadaye ambaye polisi wetu waliendelea kumtumia kwa miaka mingi. Pale shingoni, chini ya komeo la kupakia, kuna taji limegongwa kwenye chuma. Chini ya taji kuna herufi za jina la mfalme, GR kwa George. Kisha kiwanda, labda Enfield, labda BSA wa Birmingham. Kisha mwaka. Mahali pengine utaona mshale mdogo mpana: hiyo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona mishale miwili imegongana ncha kwa ncha, ujue serikali iliiuza, ikatoka jeshini kwa halali. Nyuma ya mkono wa komeo kuna namba, na namba hiyo ikilingana na ile ya mwili wa bunduki, basi huenda vipande hivyo vimekuwa pamoja tangu mwanzo. Pembeni mwa kitako kulikuwa na kijisahani cha shaba cha kuandikia alama za kikosi.

Taji, herufi, mwaka, mshale. Ndiyo maana mtu akichukua msasa na kuisugua bunduki ya zamani ing'ae, anafuta maandishi. Kutu inaweza kutibiwa na mtaalamu kwa mafuta na subira. Alama iliyosuguliwa hairudi.

Vita vile vya kwanza vya dunia vimetuachia ushahidi mwingine mkubwa ambao yeyote anaweza kuuona. Mkienda Mombasa, ingieni Fort Jesus. Humo kuna mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa kwenye delta ya mto Rufiji mwaka 1915. Wajerumani waliitoa mizinga yake majini, wakaiburuta nchi kavu, wakapigana nayo huko bara. Karibu yake upo mzinga wa Pegasus, meli ya Waingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Unguja mwaka 1914. Adui wawili wamewekwa ua mmoja, na mtoto wa shule anaishika mizinga yao kwa mkono. Hakuna aliyeumia kwa mizinga hiyo tangu ifike hapo.

Sasa nije kwenye jambo zito. Kwa nini watu wetu huficha? Kwa nini boma ikigundua kitu cha chuma darini, jambo la kwanza ni kunyamaza?

Nadhani jibu liko katika historia. Kwa Mwafrika wa enzi ya ukoloni, sheria ya bunduki ilikuwa mlango uliofungwa. Mlowezi alikuwa na bunduki ukutani, leseni mezani. Mwafrika aliishika bunduki akiwa askari, na siku ya kuachishwa kazi aliirudisha ghalani. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipokamatwa Nyeri, tarehe 21 Oktoba 1956, alishtakiwa kwa kosa gani? Wengi watasema uasi, wengine watasema mauaji. Hati ya mashtaka ilisema kupatikana na bastola bila idhini, pamoja na risasi zake. Kwa hilo alihukumiwa kifo, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wapiganaji wa msituni walitengeneza bunduki zao wenyewe kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa tairi la ndani, wakijua kwamba kupatikana nayo tu ni kitanzi. Woga wa aina hiyo unarithiwa. Babu anamwambia mwana, mwana anamwambia mjukuu: hicho kitu usikitaje.

Naelewa woga huo na ninauheshimu. Lakini sheria ya leo ni yetu: ingawa ilianzia enzi ya ukoloni, bunge letu limeirekebisha mara nyingi tangu uhuru. Na nchi yenye Samburu, Turkana na Baringo, nchi ambayo bunduki inapita mpaka wa kaskazini usiku, haiwezi kusema bunduki iliyofichwa haituhusu. Cheti cha silaha hapa Kenya ni cha mwaka mmoja, kisha unakiomba upya. Afisa anatakiwa aridhike kwamba una sababu nzuri, na kwamba wewe si mlevi wala huna ugonjwa wa akili. Mwishoni mwa 2018 serikali iliwaita raia wote wenye bunduki za halali wakaguliwe upya, kila mmoja. Na sikilizeni hapa, kina mama wajane na vijana mliofiwa: cheti ni cha mtu, si cha nyumba. Mwenye cheti akifariki, bunduki hairithiwi kama jembe. Inapelekwa kwa afisa wa leseni au polisi, na anayeitaka anaomba chake.

Mtu ataniuliza: je, kukusanya bunduki za kale ni jambo la halali duniani? Ndiyo, chini ya masharti, na masharti yanazidi kukazwa. Marekani, ambako bunduki ni nyingi kuliko kwetu mara nyingi sana, raia wa kawaida hawezi kununua bunduki ya rashasha isipokuwa iwe ilisajiliwa kabla ya Mei 1986. Kwa sababu hiyo zilizobaki zimekuwa adimu na ghali mno, na kila moja inafuatiliwa kwa karatasi zake. Uingereza ilikuwa inawaachia watu bunduki za kale zilizowekwa kama pambo. Wahalifu wakaona mwanya, wakawa wanazitafutia risasi. Mwaka 2021 sheria mpya ikaanza kutumika: ili bunduki iitwe ya kale lazima iwe imetengenezwa kabla ya Septemba 1939, na iwe ya aina ambayo risasi zake zimekwisha sokoni au ya mfumo wa kale wa kuwasha baruti. Mnaona? Hata huko, kinachomlinda mkusanyaji mwaminifu ni uwazi. Anayeandika kila kitu hana cha kuogopa akibishiwa hodi.

Na ukusanyaji wenyewe si ugeni kwetu. Kitale, mwendo mfupi kutoka hapa, kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974. Lilianzia kwa mlowezi mmoja wa Cherangani, Kanali Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu maisha yake yote. Alipofariki mwaka 1966, mkusanyo wake ulibaki kwa umma. Alikuwa ameandika: kila kipepeo, mahali na tarehe. Leo mtoto wa Sango anaweza kwenda kuutazama kwa nauli ya matatu. Vilevile fimbo za Koitalel arap Samoei, Orkoiyot, yaani kiongozi, wa Wanandi aliyeuawa na afisa Mwingereza Meinertzhagen mwaka 1905. Zilikaa Uingereza miaka mia moja, zikarudi 2006, na leo ziko katika makumbusho yenye jina lake Nandi Hills. Zingeweza kurudi kama hakuna aliyejua ni za nani? Zingekuwa vijiti vya mtu fulani kutoka Afrika fulani.

Sasa nifike kwenye dukuduku langu hasa. Kila baada ya miaka michache serikali yetu huchoma silaha haramu hadharani. Mwaka 2016 kule Ngong zilichomwa zaidi ya 5,000. Mwaka 2021 tena zaidi ya 5,000. Mimi naunga mkono moto ule. Naunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu kila moja iliyoungua ni moja ambayo haitamwua mchungaji wa ng'ombe wala askari. Ombi langu ni dogo. Kabla kiberiti hakijawashwa, mtaalamu mmoja wa Makavazi ya Kitaifa apewe nafasi ya kupita kwenye zile safu na kuangalia. Katikati ya bunduki elfu tano za juzi kunaweza kuwa na gobore moja la njia ya Mumias, au kipande kimoja cha bomba la maji kilichotengenezwa msituni. Hicho kiondolewe, kilemazwe kisiweze kulia tena, kiandikwe, kipelekwe mahali watoto watakiona. Na zile zinazochomwa, alama zake zinakiliwe kwanza. Namba, kiwanda, mwaka, mahali iliposalimishwa. Chuma kikiyeyuka, maandishi yabaki.

Ombi la pili ni kwa kaunti yetu. Kakamega ina Mumias, ina migodi ya dhahabu ya miaka ya 1930, ina familia za maaskari wa KAR waliofika hadi Burma. Skimu za Likuyani zina wazee wanaokumbuka bunduki iliyotundikwa ukutani kwa mzungu waliyemfanyia kazi. Wazee hao wanazeeka. Tuwarekodi sasa. Kuka, yaani babu, anaposema, "Bwana wetu alikuwa na bunduki ya mitutu miwili, na mimi ndiye niliyebeba risasi," hiyo ni historia inayotembea kwa bakora.

Kabla muda haujaniishia, niwaambie la kufanya, na nawasihi mlisikie vizuri. Ukifungua dari ya nyumba ya kuka, au ukichimba msingi wa choo, ukakuta kitu kinachofanana na bunduki, usikiguse. Usikitingishe, usikivute kifyatulio ukidhani kimeoza. Magobore mengi ya zamani hupatikana yakiwa bado yameshindiliwa, na baruti iliyokaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya miaka mingi sana. Risasi za zamani nazo haziaminiki. Waondoe watoto. Usikibebe kwenye bodaboda kukipeleka kituoni, maana njiani utakuwa mtu mwenye bunduki bila cheti. Mwite naibu wa chifu au piga simu polisi waje wenyewe. Wakija, waambie ulichokipata, umekipata wapi, na nyumba ilikuwa ya nani. Omba waandike kwenye kitabu cha matukio, nawe uchukue namba ya tukio. Waambie waziwazi kwamba unadhani ni kitu cha kale na unaomba Makavazi yaarifiwe. Kisha wewe mwenyewe peleka habari Kitale, kwenye makumbusho, ukiwa na namba hiyo mkononi.

Na vile vingine msivitupe. Picha ya kuka akiwa na sare za KAR. Kitabu chake cha kuachishwa jeshi. Barua ya mlowezi ya kumsifu mtumishi. Leseni ya zamani iliyochakaa, hata kama bunduki yenyewe ilirudishwa serikalini zamani. Hivyo havina hatari yoyote, na havihitaji cheti. Andikeni nyuma ya picha jina la mtu, kijiji na mwaka, kwa kalamu ya risasi ili wino usipenye.

Juma lijalo nitakuwa na mzee aliyefanya kazi kwenye shamba la mlowezi upande wa Soy, atatueleza mwenyewe. Wewe mwenye picha au karatasi ya aina hiyo, ilete studio uturuhusu tuinakili, uondoke na yako.